Kausha Kwanza, Ndipo Ufunike: Majibu ya Maswali ya Stoo

Mavuno yameingia na maswali yamejaa. Karibu wote mnauliza chombo: ndoo au deli, plastiki au kioo. Wachache mno wanauliza kama kinachoingia humo kimekauka. Chombo hakikaushi kitu. Ukifunika kikavu utafunua kikavu, ukifunika unyevu utafunua uvundo.

Nilinunua madebe mawili ya mahindi nikayamwaga kwenye deli jipya lenye mfuniko unaobana. Wiki ya tatu nafungua, yananuka na mengine yana ukungu wa kijani. Nikiyaosha na kuyaanika yatafaa? (Mafinga)

Hayafai, na usiwape kuku. Ukungu huo unaweza kuwa umeacha sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na sumukuvu haiondoki kwa kuosha, kuanika wala kupika. Ukimlisha mnyama, inarudi kwako kupitia maziwa na mayai. Mwaka 2016 watu walikufa mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi ya namna hiyo. Baridi ya kwetu nayo isikudanganye: mahindi yenye unyevu yakifungwa hujipasha joto yenyewe. Yafukie.

Safari ijayo pima kabla ya kumwaga. Kung'ata punje kusikia kama inalia "ka" ni mwanzo tu. Tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa na yenye kifuniko. Kausha chumvi ya kawaida kwenye sufuria, iache ipoe. Tia mahindi mpaka theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chakula vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Rudisha mahindi juani. Isipoganda, usishangilie bado: yaanike siku moja au mbili zaidi, maana nafaka ya kufungiwa inatakiwa iwe na asilimia 13.5 au chini yake.

Anika juu ya turubai, si kwenye udongo, tabaka jembamba lisilozidi vidole viwili, na geuza kila saa. Anua kabla ya umande. Halafu, jambo ambalo wengi wanaliruka: yaache yapoe kabisa kivulini kabla ya kufunika. Mahindi ya moto yakifunikwa jioni ya mwezi wa saba huko Mafinga, asubuhi mfuniko unatiririka maji kwa ndani.

Unga ukibaki kidogo kwenye ndoo, naweza kujazia mpya juu yake? (wasomaji watano, Mbeya na Iringa)

Hapana. Nimeshajibu, na nitaendelea kujibu hivyo hivyo. Ule wa chini ndio mkongwe, ndio wenye mayai ya wadudu, na kwa kujazia juu unahakikisha hauliwi kamwe. Maliza, osha kwa maji ya moto na sabuni, kausha juani, ndipo utie mpya. Na ukiosha, geuza mfuniko uangalie ule mfereji unaokalia ukingo wa ndoo. Pitisha kijiti humo. Utatoka unga ulioganda, wa rangi ya kijivu, na mara nyingi viluwiluwi vyeupe viwili vitatu vinajikunja. Ndoo inayong'aa yenye mfereji mchafu ni ndoo chafu.

Maharage ya njano niliyonunua Uyole yalikuwa masafi kabisa. Nikayafunga kwenye ndoo, baada ya mwezi mmoja na nusu yamejaa matundu na vumbi. Wadudu waliingiaje wakati mfuniko haukufunguliwa? (Vwawa)

Hawakuingia, mama. Uliwafungia. Mbawakavu wa maharage huanza kutaga shambani, maganda yakiwa bado kwenye mmea, na kiluwiluwi hutoboa tundu dogo la kuingilia ambalo jicho halilioni. Anakulia ndani ya punje, na wewe unaona punje nzima.

Kwa hiyo usinunue kwa kutazama wingi gunia likiwa wazi. Shika punje ishirini, zigeuze mwangani moja moja. Ukiona kidoa cha duara, hafifu, kama kidirisha kilichozibwa kwa karatasi nyembamba, mdudu yuko nyuma yake na amebakiza kusukuma. Ukikuta vidoa hivyo kwenye punje mbili tatu, acha hayo maharage sokoni.

Ukishafika nyumbani, chambua na pepeta kwa ungo. Mwenye friza aweke maharage makavu humo kwa wiki nzima yakiwa ndani ya mfuko uliofungwa, kisha ayatoe na kuacha mfuko umefungwa mpaka yarudi kwenye joto la kawaida, la sivyo yatalowa. Asiye na friza apake mafuta ya kula: kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo, achanganye kwa mikono mpaka kila punje ing'ae. Mafuta huyaziba mayai. Yafaa kwa maharage ya kuliwa ndani ya miezi michache, kwani mafuta nayo huvunda.

Ipo njia isiyogharimu hata senti. Ndoo iwe nusu, funga, ilaze, ibingirishe sakafuni asubuhi na jioni. Kiluwiluwi aliyetoka kwenye yai anahitaji kujikaza kati ya punje mbili ili atoboe, na kazi hiyo inamchukua muda. Kila unapobingirisha anapoteza alipofikia, mwishowe anakufa. Hii haiokoi punje ambayo ameshaingia. Inakata kizazi kinachofuata.

Mwenye kilo 50 au 100 asihangaike na ndoo nyingi. Anunue mfuko wa PICS. Una mifuko miwili myembamba ya ndani na kiroba cha nje. Jaza, kamua hewa, sokota mdomo wa mfuko wa ndani kabisa, ukunje, ufunge kwa kamba. Kisha wa pili hivyo hivyo, kisha wa nje. Wadudu wanaimaliza hewa wenyewe na kufa. Lakini ukiufungua kila siku kuchota kikombe cha mchana, umenunua kiroba cha bei ghali. Toa ya wiki mbili kwa mkupuo, weka kwenye kopo la jikoni, funga tena. Na kwa mahindi, chunguza kwanza kama hayana dumuzi, wadudu ambao wakulima wamewapa jina la Scania. Hao wanatoboa mbao na plastiki pia.

Kuwasha mshumaa ndani ya ndoo kabla ya kufunika kunaua fukusi? (Makambako)

Hapana. Mshumaa unazimika hewa ya oksijeni ikishuka kutoka asilimia 21 hadi kama 16. Fukusi bado anapumua vizuri. Kinachosaidia ni ndoo iliyojaa mpaka juu, isiyoachwa nafasi.

Shikamoo. Nimepanga chumba kimoja, stoo sina. Nimeshauriwa niweke nusu kidonge cha kufukizia kwenye ndoo ya maharage, na ndoo iko chini ya kitanda. Kuna shida? (Soweto, Mbeya)

Marahaba, mwanangu. Usiweke, wala nusu wala robo. Kidonge hicho kikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, inayoua mtu kama inavyoua mdudu, na hospitali hawana dawa ya kuiondoa mwilini. Mfuniko wa ndoo hauizuii. Kama kimeshawekwa na mtu yeyote humo ndani, usikimwagie maji na usiinamie ndoo: fungueni mlango na madirisha, tokeni wote, mkamwite afisa kilimo wa kata kabla hamjarudi. Kichwa kikiuma, kutapika au kifua kubana, ni hospitali saa hiyo hiyo, na mtaje kidonge. Wauzaji wanaowapa wapangaji dawa hizi kama peremende wanafanya kosa kubwa.

Ndoo za rangi zinauzwa rahisi. Nikiziosha kwa majivu? (Ipogolo, Iringa)

Hapana. Plastiki imeshanyonya rangi. Zihifadhie mkaa. Dumu lililobeba dawa ya shambani hata mkaa usitie, litoboe.

Dona langu linakuwa chungu baada ya wiki tatu, sembe halina shida. Ni mashine? (Tukuyu)

Si mashine. Dona lina kiini cha mahindi, na kiini kina mafuta. Yakishasagwa yanakutana na hewa na kuchacha. Sembe limeondolewa kiini, ndiyo maana linadumu. Saga la wiki mbili tu, lililobaki libaki punje. Pia unga hutoka mashineni ukiwa wa moto. Utandaze kwenye ungo au beseni safi, uufunike kwa kitambaa, upoe kwanza. Ukikuta unga umegandamana kama keki nyembamba juu kabisa, chini ya mfuniko, huo ni mvuke uliofungiwa. Tukuyu mvua haikatiki, basi inua ndoo juu ya chaga na uiache shubiri moja kutoka ukutani. Sakafu ya saruji inapitisha ubaridi na unyevu.

Ndoo ya lita 20 inaingia kiroba cha kilo 25? (Njombe)

Haiingii. Lita 20 hubeba unga kilo 11 au 12, mahindi kama 15, mchele 16 au 17, sukari 17. Kiroba chako kikiwa cha unga, tafuta ndoo tatu, au mbili na sado moja ukiwa umeshakula kidogo. Kata kipande cha kiroba chenye tarehe ya kuisha, kibandike nje ya ndoo.

Makopo ya kioo yanafaa? (Mbeya mjini)

Yanafaa, ila yasikae dirishani.

Majani ya chai yamenuka usipa, nayo yalikuwa kwenye kopo lake. (Kyela)

Kopo lake lilikuwa kabati moja na usipa, sivyo? Majani ya chai hunyonya harufu kuliko kitu chochote jikoni, na mfuniko wa kubandika hauzuii. Yaweke kwenye kopo la bati la kusokota, rafu ya mbali na vitunguu, sabuni na mafuta ya taa. Usipa uanike upya ukauke mpaka uvunjike ukiukunja, utie kwenye ndoo yake, na ndoo hiyo usije ukaihamishia kitu kingine. Hayo majani yaliyonuka hayarudi, mwagia maua.