Umeiacha The Witcher katikati? Rudi hivi, usianze upya

Masika yameingia, nyumba nyingi za wageni huko Shela zimefungwa mpaka wageni warudi, na vijana wetu waliokuwa mbio tangu Disemba kupika, kubeba mizigo na kupeleka watu Manda na boti sasa wako nyumbani na masiku marefu ya mvua. Ndo wakati laptopu na mashine za gemu zinatolewa makabatini, na ndo wakati mimi naanza kupokea meseji zile zile kila mwaka, kaka mimi niliiacha The Witcher katikati tangu msimu uanze, leo nikiifungua sijui hata niko wapi wala huyu mtu mbele yangu ni nani, nianze upya ama?

Usianze upya. Wallahi usianze. The Witcher ni gemu ya hadithi ndefu, unamchezesha Geralt, mwindaji wa mazimwi.

Mimi pia kazi yangu ni hii hii ya wageni, kwa hivyo kila mwaka gemu yangu husimama pale pale ilipofika wageni wakianza kushuka, na miezi kadhaa baadaye narudi mikono imeshasahau na kichwa kimeshasahau. Nishazoea. Na nilichokiona kwangu na kwa wenzangu ni kwamba anayeanza upya ndo asiyemaliza kamwe. Hebu fikiria, The Witcher 3 ukifuata hadithi kuu peke yake ni kama masaa 50, ukiongeza misheni za pembeni unapita 100 bila hata kujua, sasa mtu alikuwa ashafika mji mkubwa wa Novigrad anarudi White Orchard, kule gemu inakoanzia, kuua yule griffin tena, anazungumza tena na watu aliokwisha zungumza nao, na akija kufika pale alipoachia ushafika mwezi wa saba na simu ya kazini inalia. Kuna watu hapa Lamu wanaijua White Orchard kama mtaa wao lakini Skellige hawajawahi kuiona, na Skellige ndo yenye bahari na visiwa na matanga, yaani sisi watu wa pwani ndo pale tungekaa!

Halafu kuna wale wanaotaka kwenda nyuma zaidi ya hapo. Wanasema la, mimi nataka kuielewa vizuri, wacha nianze na ile ya kwanza ya 2007, kisha ya pili ya 2011, ndo niingie ya tatu ya 2015. Niya nzuri lakini nakushauri uifikirie. Ile ya kwanza kupigana kwake ni kwa kubonyeza mausi kwa mdundo na kubadilisha staili ya upanga, wengi wanachoka kabla hawajaingia mjini Vizima, na watengenezaji wenyewe CD Projekt Red walishatangaza 2022 kwamba wanaijenga upya yote, kwa hivyo hiyo iache isubiri. Ya pili ni kitu kingine, hiyo naipenda sana, sababu ukitoka Flotsam, mji wa sura ya kwanza, unachagua kwenda na Vernon Roche ama na Iorveth na sura ya pili yote inakuwa nyingine kabisa, mahali pengine, watu wengine, upande mwingine wa vita. Lakini ichezwe kwa raha yake. Ukiifanya deni la kulipa kabla hujaruhusiwa kugusa ya tatu utaichukia.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Watu wawili ambao ya tatu yote inawazunguka, Yennefer mpenzi wake Geralt na Ciri binti yake wa kulea, kwenye zile mbili za mwanzo hukutani nao uso kwa uso. Geralt mwenyewe kwenye gemu hizo amepoteza kumbukumbu, zinamrudia mwishoni mwa ya pili. Sasa wewe unayeogopa kwamba umekosa kitu kikubwa, kile kikubwa chenyewe kinaanzia mbele yako, na gemu inajua kuna wengi wanaingilia hapo.

Sisi hadithi kubwa hatujawahi kuzipata kwa mpango. Fumo Liyongo nani aliyemsikia kuanzia mwanzo? Mimi kabla sijajua alikuwa mshairi, kabla sijajua ugomvi wa ufalme na kifungo na wimbo aliotungia gerezani, nilishajua sindano ya shaba ya kitovuni na nani aliyeidunga, sababu ndo kipande nilichokikuta kinasimuliwa barazani siku hiyo. Vingine vikaja baadaye kila kimoja na siku yake na hadithi haikuharibika hata kidogo. Basi na Geralt mchukue hivyo hivyo.

Ukifungua sevu yako ya zamani, kitu cha kwanza usikiruke kile kinachosimuliwa gemu ikiwa inapanda. Watu wanabonyeza kupita haraka haraka, na pale Dandelion, rafiki yake Geralt mshairi, anakusimulia kwa picha hadithi ilipofikia, imefupishwa, bila kukuharibia ya mbele. Kisha ingia kwenye daftari la Geralt, fungua upande wa watu, soma wale watatu wanne tu wanaohusika na misheni uliyoko nayo. Usisome wote. Ukisoma wote utapata majina thelathini ya wafalme na wachawi na yote yatakutoka kabla ya alfajiri. Mimi huwa najiuliza hivi tu: namtafuta nani, nani amenituma, na nani nimemuahidi kitu. Hayo matatu ukiyapata yanakutosha kutembea, mengine yanarudi yenyewe mtu akifungua mdomo. Zile video za masaa mengi za kueleza kila kitu kuanzia zamani zinamaliza bando na zinakumalizia na utamu, sababu anayezisimulia ashamaliza gemu na hawezi kujizuia.

Sasa mikono, na hapa ndo nataka msikilize, sababu kinachowafukuza watu wengi ni mikono kuliko hadithi.

Mtoto wa ami yangu anaendesha boti, aliachia pale Velen kwa yule Baron, bwana wa eneo hilo. Aliporudi akaendelea moja kwa moja pale alipoachia, na pale palikuwa ni ile safari ya usiku, Baron amebeba kile kitoto kilichozikwa bila jina, mko njiani, mizuka inatokea, unapigana, kisha kitoto kinaanza kubadilika mikononi mwa babake na lazima ukitulize kwa Axii, ile ishara ya uchawi ya kutuliza akili. Ni moja kati ya mahali pazito zaidi kwenye gemu nzima. Na yeye ameshika pedi anabonyeza R2 inatoka moto wa Igni, anauliza kaka hii Axii iko wapi, kitoto kinapiga kelele, mvua nje, na mimi namwambia L1, shikilia L1 uchague, lakini ilishakuwa mbio na pale pote pakampita bila kuhisi chochote. Tukapandisha sevu ya nyuma yake. Nikamwambia twende kwanza White Orchard tukapashe mikono.

Na ndo ninavyomwambia kila mtu. Tafuta nguzo ya alama za njia iliyo karibu, safiri White Orchard, kule maadui ni wadogo, ila kwanza angalia kwenye mipangilio kama kile cha kuwapandisha maadui leveli yako kimewashwa, kizime. Nenda mtoni wanapotoka drowner, yale mazimwi ya majini. Usitafute ushindi, tafuta vidole. Kwenye PlayStation mraba ni pigo jepesi, pembetatu pigo zito, duara kukwepa hatua moja, X kubiringika, na L2 kukinga. Kukwepa kwa duara ndo roho ya kupigana kote, wanaorudi wote wanabiringika biringika na X ovyo ovyo. Zunguka ishara zote tano, Aard, Igni, Quen, Axii, Yrden, kila moja uitoe mpaka kidole kiijue bila kufikiria. Drowner wanaungua vizuri na Igni na upanga wa fedha uliopakwa mafuta ya wala maiti unawakata kama hakuna kitu, kwa hivyo pale pale unakumbuka na mambo ya mafuta. Jioni moja inatosha kabisa.

Mkishamaliza mtoni fungua ukurasa wa ujuzi wa Geralt. Nimeona mtu ana pointi amezitumia vizuri sana lakini ujuzi wenyewe hakuuweka kwenye nafasi zake, na usipouweka haufanyi kazi, ni kama hukuununua. Na zile mutajeni, vitu vya kuongeza nguvu unavyotoa kwa mazimwi uliyoyaua, rangi yake ifanane na rangi ya ujuzi ulioko kando yake, nyekundu na nyekundu, buluu na buluu, hapo nguvu inaongezeka. Ikiwa hukumbuki kabisa ulikuwa unajenga nini, kuna dawa ya kufuta yote na kurudishiwa pointi zako, baadhi ya wauzaji wanayo kwa krauni 1,000, nunua, panga upya kwa jinsi unavyopenda kucheza leo. Dawa zako nazo kunywa, jamani. Dawa ukishaitengeneza mara moja inajijaza tena ukikaa kutafakari, bora uwe na pombe kali mkobani, hakuna sababu ya kuziweka akiba. Na ugumu ushushe kama unataka, unabadilishwa wakati wowote na hakuna anayekuandika popote.

Kwa yule aliyemaliza ya pili zamani na ya tatu hajaigusa, yuko tofauti kidogo. Ukianza gemu mpya utaulizwa kama unataka kuigiza sevu ya The Witcher 2, kubali. Baadaye ukifika kwenye kasri la Vizima, Geralt anaogeshwa na kunyolewa ndevu kabla ya kupelekwa kwa mfalme Emhyr, wembe uko shingoni, na jenerali mmoja anaitwa Morvran Voorhis amekaa anakuuliza maswali, ulikuwa na nani baada ya Flotsam, ulimfanya nini fulani. Unadhani ni mazungumzo tu lakini pale ndo unaiambia gemu ulichokifanya kwenye ile ya pili. Penye uzito zaidi ni la Letho, yule muuaji wa wafalme wa ya pili. Ukisema alibaki hai utakutana naye mbele, na anakufaa sana kwenye siku ngumu. Mengine ukijibu ulivyokumbuka au ulivyopenda yanabadilisha vitu vidogo tu, kwa hivyo usikae usiku kucha unaumiza kichwa kukumbuka.

Kuna mahali pamoja hasa ambapo kurudi bila kuangalia kunaweza kukukosesha kitu usichoweza kukirudisha, nako ni Kisiwa cha Ukungu. Ukishaenda kule kumchukua unayemtafuta kuna misheni za pembeni zinafungwa moja kwa moja, zikiwemo zile za yule mchawi Triss kule Novigrad na zile za siasa za Dijkstra jasusi na Roche. Kwa hivyo kabla hujaendelea na misheni kuu, fungua daftari uangalie kisiwa kiko mbele yako au nyuma yako. Kikiwa mbele, maliza kwanza watu wako, sababu wale unaowasaidia ndo watakaokuja Kaer Morhen, ngome yao kina Geralt, kusimama na wewe. Kikiwa nyuma basi songa mbele tu usijute, hadithi kuu bado inashika vizuri.

Misheni ndogo ndogo zilizojaa kwenye orodha usizionee haya. Zikiwa chini ya leveli yako kwa sita au zaidi zinageuka kijivu na hazikupi uzoefu wa maana, chagua zile zenye hadithi nzuri tu. Karata za Gwent hizo ni za anayependa, ukitaka kuzipita zipite.

Mambo ya stima na bando mnayajua. Sevu kwa mkono kila ukimaliza mazungumzo makubwa, sababu katikati ya pigano gemu hairuhusu kusevu na stima yetu haisubiri pigano liishe. Toleo jipya lililotoka Disemba 2022 ni la bure kwa aliye na gemu, na kwenye kompyuta jiandae na GB 50 hivi za nafasi, kwa hivyo mwenye ndugu Mombasa mwenye intaneti nzuri ampe diski, isafiri na basi mpaka Mokowe. Toleo hilo lina njia ya kutoa ishara haraka bila kufungua lile duara la L1, iwashe kwenye mipangilio, kwa mtu anayerudi baada ya muda ni rahisi mno, na limeleta pia uwezo wa kuhamisha sevu kati ya kompyuta na mashine, ukiwa na akaunti ya watengenezaji.

Ukimaliza hadithi kuu usikimbilie kingine. Kuna nyongeza mbili, nenda Hearts of Stone kwanza, ukiwa leveli 32 hivi, fupi na nzito, yule Gaunter O'Dimm ni kiumbe wa kukaa naye mbali na utaona kwa nini. Kisha ndo Blood and Wine kule Toussaint, leveli 34 kwenda juu, hii iweke ya mwisho sababu ndo kwaheri ya Geralt, imetengenezwa iwe hivyo, na trela ya The Witcher 4 iliyotoka Disemba 2024 ishaonyesha kwamba atakayeshika upanga ni Ciri. Kwa hivyo ikiwa msimu huu una nafasi ya kumaliza moja tu kati ya hizo mbili, chukua Hearts of Stone, Toussaint iachie masika yajayo uicheze yote kwa mkupuo, na kabla hujafunga mashine sevu kwenye faili la peke yake nje ya mapigano, ukiwa umesimama karibu na nguzo ya njia.