Karabai ya babu kulipuka moto wa njano

Pole ndugu, unasema karabai ya babu, ile taa ya mafuta ya kupampu, inalipuka moto wa njano na pampu yake haishiki upepo; ila haijafa, unaiharakisha tu. Moto wa njano unaoruka badala ya mwanga mweupe maana yake mafuta ya taa yanafika kwenye soksi (kile kifuko cha kitambaa kinachotoa mwanga) yakiwa bado maji, hayajageuka mvuke. Ipashe kwa spiriti mpaka ile spiriti uliyotia kwenye kikombe kidogo cha kupashia ikaribie kuisha, ndipo ufunge skrubu ya upepo upampu taratibu.

Na hiyo pampu unayosema haishiki upepo: ichomoe, utakuta kile kikombe cha ngozi cha ncha ya pampu kimekauka kau. Kidondoshee mafuta ya cherehani, kipanue kwa kidole. Yangu ilipona hapo hapo.

Soksi nyingi za zamani zina thoriamu, madini yenye mionzi, usivute vumbi lake. Petroli usithubutu! Dirisha liwe wazi. Tangi likivuja, mpelekee fundi, usilichomelee mwenyewe.