Harusi ndogo Zanzibar: maswali yenu na majibu yangu

Niliposema hapa kwamba sherehe ya harusi yangu niliifanya Jambiani, kijiji cha ufukweni Unguja, tukiwa watu 34 tu, ujumbe ulimiminika mpaka nikawa naisoma simu huku nakoroga uji. Nimeokota yale yanayojirudia. Majibu ni ya mtu aliyepitia, siyo mtaalamu wa harusi, na pale nilipochemka nimesema.

*Dada, mimi niko Tabata, mchumba wangu kwao Mbeya. Tunataka watu 40 tu, Zanzibar, siku mbili tatu tupumzike. Mama mkwe kasema ukoo peke yake ni watu 120. Tunafanyaje?*

Mdogo wangu, hili ndo swali lenyewe, mengine yote ni mapambo.

Kwanza usimwone mama mkwe mkorofi. Mama yangu ana kaunta buku, jalada jeusi limeshachanika mgongoni, kaanza kuandika 1998: harusi ya mtoto wa fulani, elfu ishirini, kipaimara cha fulani, kreti mbili za soda, msiba wa fulani, mchele kilo kumi. Miaka yote hiyo kachanga akijua siku ya wanae na wao watakuja. Sasa wewe unamwambia watu 40, baharini, kwaheri. Yani ni kama unamwambia kibubu chake kimepotea. Lazima akasirike, hata mimi ningekasirika.

Sisi tulimpa mama siku yake. Ndoa kanisani Jumamosi asubuhi hapa Dar, halafu chakula cha mchana ukumbi wa parokia, pilau, soda, kwaya ikaimba, hakuna MC, hakuna jukwaa la kupambwa, saa tisa watu wako makwao na mama kashapokea hongera zake zote. Alhamisi iliyofuata ndo tukapanda boti na wale 34. Kwa upande wenu nyie nadhani Mbeya ndo kuna haki ya hiyo siku, hata kama ni tafrija ya kumkaribisha bibi harusi nyumbani mwezi mmoja baadaye, ila muahidi tarehe kabisa, siyo "tutaona mama".

La pili, na hapa ndo wengi wanaharibu: kama mnataka watu wachache MSICHANGISHE. Ukishapokea elfu hamsini ya mtu umeshamwalika, hata kama hujamwandikia kadi. Huwezi kufungua grupu la WhatsApp la watu 150, mweka hazina anapost majina ya waliopunguza ahadi, halafu mwisho wa siku wanaovuka bahari ni 40. Watu watakusema mpaka mtoto wako wa pili. Mimi kuna mjomba alinirushia laki bila kuombwa, nikairudisha nikasema mjomba mwaka huu hatuchangishi, akaninunia miezi mitatu. Bora miezi mitatu.

Na wanaokosa nafasi waambieni wenyewe kwa mdomo, piga simu moja moja, inachosha lakini shangazi akisikia kutoka kwako atalalamika dakika kumi yataisha, akisikia kwa jirani hayaishi.

*Wageni wajilipie au tuwalipie? Naona aibu hata kuuliza. (Wa Morogoro)*

Hakuna aibu ila semeni mapema, miezi minne mitano kabla, na semeni yote mara moja. Sisi tulilipa vyumba na chakula usiku mbili, kila mtu akajilipia nauli, wazazi wa pande zote na bibi tukawalipia kila kitu. Ilikula milioni 11 na kidogo, nyingi tu, lakini hakukuwa na kamati, vikao vya Jumapili kwenye baa wala bili ya vikao vya Jumapili kwenye baa. Mkishawaambia wajilipie nauli basi msiwaombe na sare, wala zawadi, maana mtu ana mshahara mmoja.

Hoteli tafuteni ndogo, vyumba 12 mpaka 18, mchukue yote muwe wenyewe. Wengi wanataja bei kwa dola kama hawajui wewe ni nani, uliza bei ya wakaazi, uliza kwa Kiswahili, na uliza jenereta inawasha nini umeme ukikatika, maana wengine jenereta yao ni taa za korido tu. Advansi ukitoa dai risiti.

*Tarehe gani nzuri? Tunataka Paje, ndoa ya ufukweni jua linazama baharini nyuma yetu.*

Jua halizami baharini Paje, mpenzi. Paje, Jambiani, Bwejuu, Matemwe zote ziko mashariki, jua linachomoza baharini na linazama nyuma ya minazi na mabati ya kijiji. Ukitaka lile la kwenye picha nenda Nungwi au Kendwa, kule kaskazini upande wa magharibi, na huko maji hayakimbii mbali sana. Mashariki maji yakikupwa unabaki na uwanja wa mpira, mchanga na majani na vijiti vya mashamba ya mwani mpaka kule mawimbi yanakopasuka kwenye miamba.

Na hapo ndo nilipochemka mimi. Nilienda Jambiani kukagua, nikakaa na mama mmoja anafunga mwani kwenye kamba, nikamwambia tunafunga sherehe saa kumi alasiri hapa hapa. Akaniuliza, "Siku hiyo mwezi ngapi?" Nikamjibu wa nane. Akacheka mpaka akaachia kamba. Alikuwa anauliza mwezi wa mbinguni, siku ya ngapi, mwezi mosi, mwezi pili, maana maji yanafuata huo, kalenda yangu ya ukutani hayaijui. Akanihesabia kwa vidole, akasema siku yako hiyo saa kumi utakuta ngalawa zimelala kwenye mchanga.

Somo alilonipa ni hili. Mwezi ukiandama, na mwezi ukiwa mpevu, ndo bamvua: maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Siku hizo, na mbili tatu zinazofuata, kwa Unguja maji yanajaa alasiri kwenda jioni, saa kumi, saa kumi na moja hivi, na asubuhi saa nne yako mbali huko. Kila siku yanachelewa, kwa wastani kama dakika 50. Zikipita siku saba mambo yamegeuka, ni maji mafu, hayajai kivile wala hayakupwi kivile, na saa kumi alasiri ndo yamerudi nyuma. Basi tukasogeza sherehe mpaka mwezi mpevu, na sikujua kama kuna zawadi nyingine: kwa kuwa ni mashariki, jua lilivyozama nyuma yetu mwezi ukachomoza mbele kutoka baharini, mkubwa, mwekundu, mtu mzima mmoja akaacha kula. Kwahiyo ukishaamua Paje usililie jua, tafuta mwezi.

Misimu sasa: masika, Machi mpaka Mei, kaa nyumbani, hoteli nyingine zinafunga kabisa Aprili na Mei. Juni mpaka Septemba ni kusi, upepo wa kusini, hali ya hewa ya baridi kidogo na nzuri lakini upepo, Paje wale wa vishada vya kuteleza majini wanaupenda, shela lako haliupendi. Langu lilimfunika shemeji uso wakati anasoma risala. Vuli ni bahati nasibu, Novemba hasa. Mwisho wa Desemba bei inapanda mpaka inatia hasira. Na angalieni Ramadhani, inarudi nyuma siku kama 10 au 11 kila mwaka, hamtaki kuwa na ngoma na sinia za pilau mchana wakati kijiji kizima kimefunga.

*Cheti cha ndoa tunapata wapi, Zanzibar au Bara?*

Fungeni Bara, mkale Zanzibar. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni ya Bara, Zanzibar wana taratibu zao na usajili wao. Kwa Bara mnatoa taarifa ya nia ya kuoana angalau siku 21 kabla, mashahidi wawili, iwe kanisani au bomani kwa mkuu wa wilaya. Wa kanisani mnajua, na matangazo Jumapili tatu. Waislamu kwenu ni rahisi zaidi, walii, mashahidi, mahari na sheikh, hata nikahi ikisomwa hapo hapo kisiwani inapendeza, ila hakikisheni imesajiliwa. Anayetaka lazima afungie kisiwani aende ofisini mwenyewe aulize kabla hajalipa hata shilingi ya hoteli, asitegemee "dalali wa harusi" wa Instagramu.

*Sasa dada, sisi ni Wakenya, tuko Nairobi, tutakuja 15, na kuna kaka yetu amezaliwa Ujerumani. Kuna viza?*

Nyie Wakenya viza hamna, mbebe pasi na kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Kaka kama ana pasi ya Ujerumani atahitaji viza, na juu yake kuna bima ya lazima ya Zanzibar kwa wageni wa nje, ilianza tarehe 1 Oktoba 2024 kwa dola 44, inalipwa kwa Shirika la Bima la Zanzibar, hata kama anayo bima ya kwao. Ailipe mtandaoni kabla hajapanda ndege, na nyie Wakenya ulizeni yenu kabla ya safari. Wabongo wenzangu, bima hiyo haiwahusu, lakini kitambulisho kinawahusu, boti hawakukatii tiketi kwa jina la utani.

*Chakula na keki vipi? Tulete mpishi wa Dar?*

Mpishi wa Dar wa nini? Wapemba na Waunguja wakupikie pilau halafu uwaletee mpishi? Sisi hoteli ilitupikia siku ya kwanza, siku yenyewe wakapika akina mama wa kijijini, tulikubaliana bei na wao moja kwa moja na hoteli wakakubali tutumie uani kwao: biriani ya kuku, pweza wa nazi, mchuzi wa changu, kachumbari, chapati za maji. Ndafu tulibishana sana, baba upande wa pili akasema harusi bila ndafu ni mkutano, basi mbuzi akachomwa, akavalishwa majani mdomoni, mzee akaridhika.

Keki ndo kichekesho. Iliagizwa Dar, ikavuka bahari mapajani kwa dada wa bwana harusi, ghorofa tatu za krimu, kufika Jambiani ghorofa zilikuwa mbili na nusu na zile za chini zinatokwa jasho. Fundi alishaambiwa inaenda pwani, sijui alisikia nini. Mama mmoja jikoni akaangalia, hakusema kitu, akarudi na mikate ya kumimina mitano bado ya moto, inanukia iliki. Ndo tuliyokata. Ukiniuliza leo nakwambia agiza mikate ya kumimina toka mwanzo. Keki ikibidi basi iwe kavu, bila krimu, na ikae ndani kwenye kiyoyozi mpaka dakika ya mwisho.

*Tuvae nini?*

Viatu virefu acha Dar, vinazama. Gauni jepesi. Mkitoka eneo la hoteli kwenda kupiga picha kijijini jifunikeni mabega na magoti, ni vijiji vya watu, na mwombe ruhusa kabla ya kupiga watu picha. Sisi kila mgeni wa kike tulimpa doti ya kanga kama shukrani, kanga hiyo hiyo ikawa sare, mtandio na taulo. Na droni ina vibali vyake, mpiga picha akikwambia "hamna shida" mwambie akuoneshe.

*MC?*

Watu 34, MC anamtangazia nani? Mpe kazi shemeji mwenye mdomo.

*Bibi yangu ana miaka 78, anataka kuja ila anaogopa boti. Tumwache?*

Usimwache! Ndege kutoka Dar ni kama dakika 20, kama mfuko unaruhusu mpandishe huko na mtu mmoja wa kumshika mkono. Kama ni boti, safari ni karibu masaa mawili, chukueni ya asubuhi, mapema bahari huwa imetulia zaidi, mkalishe katikati kuelekea nyuma, chini siyo juu, ale kidogo kabla ya safari, na awe na limau la kunusa. Epukeni kipindi cha kusi kikali. Bibi yangu mimi alikwenda na boti akatapika kuanzia kisiwa cha Chumbe mpaka bandarini, alipokanyaga nchi kavu swali lake la kwanza lilikuwa boti ya kurudi ni ya saa ngapi. Usiku wa sherehe, saa sita, tulimkuta kajifunga kanga kiunoni anawafundisha wapiga ngoma namna ya kupiga.