Kwa wasimamizi wapya wa gemu: kumfungia mchezaji bila ya kumdhulumu

Ukikabidhiwa kundi la wachezaji, liwe la Mpendae au la Wete, kesi hazitakawia: fulani katukana, fulani katoroka mechi. Kabla hujamfungia mtu, tenganisha kosa la mdomo na kosa la mchezo. Aliyetukana azuiwe chati na sauti, aachwe acheze. Aliyeitupa timu yake makusudi ndiye wa kuzuiwa mechi. Ukimfungia mtukanaji kila kitu, unaiadhibu na timu yake isiyo na kosa.

Kwenye matusi, usipokee picha ya skrini yenye mstari mmoja. Dai mazungumzo kuanzia dakika tano kabla ya tusi, kwani mara nyingi aliyeripoti ndiye aliyeanza uchokozi. Ripoti nne za marafiki wanaocheza pamoja zihesabu kuwa moja. Wala usiutegemee mchujo wa maneno wa gemu yenyewe. Mchujo uliofundishwa Kiingereza huliacha neno "mshenzi" lipite hivi hivi, na haujui kuwa "mjinga we" ya watani wawili wa tangu skuli si ile anayotupiwa mgeni aliyekosea pasi. Muulize aliyeambiwa kabla hujaamua.

Hukumu itoke siku hiyo hiyo au ya pili yake, na mkosaji aonyeshwe maneno yake mwenyewe, neno kwa neno. Hili si jambo dogo. Gemu ya League of Legends ilianzisha mwaka 2011 baraza la wachezaji la kuamua kesi, likafungwa 2014. Moja ya kasoro zake ni kuchelewa, mtu anaadhibiwa ilhali keshasahau alichosema. Walioonyeshwa ushahidi walijirekebisha zaidi kuliko waliofungiwa kimya kimya. Ujumbe wa "umevunja kanuni" peke yake haumfundishi mtu kitu, humtia hasira tu.

Kesi ngumu zaidi kwetu ni ya kutoka katikati ya mechi. Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na ukikatika, ruta inazima hata kama simu ina chaji. Bando linaisha. Simu inapigwa, gemu inaganda. Basi tazama mechi 10 za mwisho za mtuhumiwa. Aliyepatwa na dharura hutoka wakati wowote, hata timu yake ikiongoza, na aghalabu hujaribu kurudi. Mtoro hutoka timu ikishindwa tu. Wakianguka wachezaji watatu wa mtaa mmoja kwa dakika moja, funga faili. Kutoka mara moja kusiadhibiwe kabisa. Anza kuhesabu mara ya tatu ndani ya mechi hizo 10.

Adhabu ipimeni kwa mechi, msiipime kwa siku. Wiki moja ya mitihani haimgusi mwanafunzi, wiki moja ya likizo inammaliza. Gemu ya Dota 2 hufanya hivyo: aliyepelekwa foleni ya adhabu hutoka kwa kushinda idadi ya mechi aliyopangiwa. Kwa kundi dogo yatosha onyo, kisha mechi 3 bila chati, kisha 10.

Rufaa isikilizwe na msimamizi mwingine, asiyecheza timu ya mlalamikaji wala ya mshitakiwa. Mtu akimaliza adhabu, jina lake lirudi kwenye ratiba siku hiyo hiyo bila ya kuomba, na kesi yake isitajwe tena kwenye kundi.