Kufundisha Ugenini kwa Kujitolea: Muhula wa Pili Ndio Wenyewe

Kijana akiniambia anataka kwenda nchi nyingine kufundisha bure ili maisha yake yapate maana, humuuliza kwanza: utakaa muda gani? Akisema wiki tatu, namshauri aende kutembea tu. Kutembea nako si dhambi.

Nimefundisha ugenini kwa kujitolea, na ni kazi iliyonijenga sana. Lakini muhula wa kwanza mgeni hupendwa hata akifundisha ovyo. Watoto wanashangaa lafudhi yako, desimali hawazisikii. Muhula wa pili ugeni umekwisha. Unabaki na rundo la madaftari ya kusahihisha, mtoto wa nyuma anayenakili kila kitu bila kuelewa, na mtihani usioutunga wewe. Hapo ndipo unapojijua: unapenda kufundisha, au unapenda kuonekana unafundisha? Mimi maana niliikuta humo, katika kujua nani anakwama kwenye kugawanya na nani yuko kimya kwa sababu tu haoni ubao.

Mashirika makubwa yanayopeleka watu kujitolea yanalijua hili. VSO la Uingereza lilipoanza mwaka 1958 lilipeleka vijana waliotoka tu shuleni. Baadaye likageukia zaidi watu wenye taaluma na uzoefu. Peace Corps ya Marekani, ambayo kundi lake la walimu lilifika Ghana mwaka 1961, kwa kawaida humtaka mtu akae miaka miwili baada ya miezi kama mitatu ya mafunzo, lugha ya wenyeji ikiwemo. Miaka miwili! Wengi hukata tamaa wakisikia hivyo, na bora wakatie tamaa nyumbani.

Hukusomea ualimu? Omba kuwa msaidizi wa mwalimu mwenyeji. Keti na kikundi kidogo, wasikilize wakisoma kwa sauti mmoja mmoja. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hana nafasi hiyo, wewe unayo.

Kabla hujasaini chochote, uliza nafasi hiyo aliishika nani kabla yako, na ukiondoka ataishika nani. Kama yupo mwalimu wa pale anayekosa ajira kwa sababu wewe hulipwi, usiende. Shirika likikutoza ada, uliza shule inapata kiasi gani. Wakianza kuzunguka, umeshajibiwa. Vituo vya watoto yatima vinavyompokea yeyote kwa wiki mbili, mimi navikataa kabisa. Wengi wa watoto hao wana mzazi aliye hai, na kuzoea mtu kisha kuachwa, mara kwa mara, kunawaumiza. Suala la viza nalo lisikupite: nchi nyingi huhesabu kujitolea kuwa kazi, hivyo ya utalii haitoshi.

Ukifika, keti nyuma ya darasa siku za mwanzo uangalie wenzako wanavyofundisha. Fuata mtaala wao, hata kama una mbinu unazoziona kali zaidi. Andalio la somo mpe mwenzako alipitie. Atakuonyesha humo mfano uliotumia wa kitu ambacho watoto wale hawajawahi kukiona maishani. Na kila unachotengeneza, chati, mazoezi, maswali ya majaribio, kiweke kwenye kabati la idara tangu wiki ya kwanza, kwa lugha na mpangilio ambao mwalimu ajaye atautumia bila kukupigia simu.