Kunja Kwanza, Pamba Baadaye: Majibu kwa Watengenezaji wa Kadi

Idi inakaribia, na barua za wasomaji wa Lamu wanaotengeneza kadi kwa mikono yao zimeongezeka. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na pale ambapo swali limekwisha kujibiwa mara nyingi nimelijibu kwa urefu ili lisirudi tena hadi Idi nyingine.

Msomaji wa Langoni: *Assalamu alaikum. Kila ninapobandika karatasi ya rangi juu ya karatasi ngumu ya manila, kadi hukunjamana na kupinda ikishakauka. Ni gundi gani iliyo bora?*

Wa alaikumu s-salaam. Swali la gundi hunifikia kila mwezi, na karibu kila anayeuliza hanielezi ameipaka kiasi gani wala ameikaushia wapi, kana kwamba jina la gundi peke yake ndilo litakalomwondolea tatizo. Gundi nyeupe ya maseremala, ambayo bila shaka ndiyo unayoitumia, haina kosa lolote. Ina maji, na maji yakiingia kwenye karatasi nyuzi zake huvimba, kisha zikikauka husinyaa na kuvuta upande mmoja. Kwa hiyo punguza maji. Mimina tone moja juu ya kigae, ulitandaze kwa ukingo wa kipande cha manila hadi liwe utando mwembamba, upake pembezoni na sehemu chache za katikati, kisha uiweke kadi kati ya karatasi mbili safi chini ya kitabu kizito hadi asubuhi. Usiianike juani. Anayetaka kuepuka maji kabisa atumie selotepu ya pande mbili.

Wapo wanaopika uji wa unga wa ngano kwa sababu ni rahisi. Uji huo hushika vizuri, lakini huota ukungu upesi na mende huupenda mno, hata kadi uliyoihifadhi kabatini mwezi wa Shaabani unaweza kuikuta imetafunwa pembe kabla mwezi wa Idi haujaandama. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, hasa kuanzia Aprili masika yanapoingia, kwa hiyo manila zisiachwe wazi mezani bali zilazwe bapa ndani ya kopo la biskuti lenye kifuniko. Wala usishikize kitu kwa pini au klipu za chuma, maana huota kutu na doa lake halitoki. Tumia uzi.

Msomaji wa Mkomani: *Kadi zangu hupasuka rangi kwenye mkunjo na hazifungi sawasawa. Nimenunua manila nzito zaidi, na hali imezidi kuwa mbaya.*

Hapa ndipo ilipo kadi yenyewe, na hapa ndipo wengi wasipopenda kukaa. Karatasi ya kiwandani ina mwelekeo: nyuzi zake hulala upande mmoja, kama nyuzi za mbao ambazo fundi wa milango huzitazama kabla hajashika patasi. Ukiikunja kwa kufuata nyuzi, inakubali. Ukiikunja kwa kuzikata, nyuzi huvunjika, rangi ya juu hupasuka, na kadi hujifungua yenyewe mezani. Manila nzito ina nyuzi nyingi zaidi za kuvunjika, na ndiyo maana fedha ulizoongeza zimekuongezea hasara. Kwa kadi ya kawaida, manila ya gramu 200 hadi 250 kwa mita ya mraba yatosha. Karatasi ya fotokopi ni gramu 80, nayo ni ya kuweka ndani, haina nguvu ya kusimama peke yake.

Ili kuujua mwelekeo huo, ishike manila kwa mikono miwili uipinde polepole bila kuikunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Namna inayopinda bila ubishi ndiyo utakayoikunjia. Ukibaki na shaka, kata kipande kidogo cha mraba, kitie alama ya penseli ya kukumbusha kilivyokaa kwenye karatasi kubwa, kisha uloweshe uso wake mmoja. Kitajiviringa, na mviringo huo hulala sambamba na nyuzi.

Kisha tia mfuo, yaani mstari wa kubonyeza, kabla ya kukunja. Huhitaji kifaa cha kuagiza Nairobi. Kalamu iliyokwisha wino, rula ya chuma na gazeti lililokunjwa chini ya manila vinatosha. Pitisha ncha ya kalamu mara mbili au tatu kwa mkazo wa wastani mpaka uone kijibonde. Usitumie wembe, kwa sababu wembe hukata, na mkunjo uliokatwa nusu utaachana kadi ikifunguliwa mara chache. Sasa zingatia jambo ambalo hata waliokwisha kuzoea hulikosea: kijibonde kikae nje ya kadi, na kituta kilichotokeza upande wa pili kikae ndani. Wengi hukunja kuelekea kwenye kijibonde kwa kuwa kinaonekana kama mlango uliofunguliwa, na matokeo yake karatasi husongamana ndani huku mgongo ukivutwa hadi kupasuka. Ukishakunja, weka karatasi nyembamba juu ya mgongo ndipo uusugue kwa mgongo wa kijiko. Bila karatasi hiyo, kijiko kitaacha mng'ao usiofutika.

Rudia hayo kwa manila tupu hadi pembe zikutane bila kulazimishwa, ndipo ufungue kisanduku cha mapambo. Nimeletewa kadi zenye utepe, lulu za plastiki na glita ya kutosha kuuangaza Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, usiku, na pembe zake zimepishana milimita tatu.

Msomaji wa Matondoni: *Bahasha ya kadi ya A6 ni ya kipimo gani?*

C6, yaani milimita 114 kwa 162, kwa sababu kadi yako ni 105 kwa 148. Ukibandika kitu kilichovimba juu yake, bahasha hiyo haitafunga, na usiniandikie kuniuliza kwa nini.

Msomaji wa Mpeketoni: *Naomba michoro ya theluji na misonobari. Ninapenda kuanza kadi za Krismasi mapema, na kadi isiyo na theluji haionekani kuwa ya Krismasi.*

Nani amekuambia? Kadi ya kwanza ya Krismasi kuchapishwa ili iuzwe ilitoka London mwaka 1843. Henry Cole aliiagiza na John Callcott Horsley akaichora. Inaonyesha familia iliyoketi mezani ikiinua bilauri, na pembeni watu wanawapa maskini chakula na nguo. Theluji haimo. Ikiwa wenye baridi yao walianza kwa kuchora meza na jamaa, wewe mwenye miembe, mikorosho na Ziwa Kenyatta karibu na nyumbani una udhuru gani wa kuchora mti ambao mpokeaji wako hajawahi kukaa chini ya kivuli chake?

Si kwamba nakataza. Nachoka tu kuona kila kadi ikinakiliwa kutoka kwenye simu ilhali tumezungukwa na mapambo yaliyokwisha kufanyiwa kazi na mikono ya vizazi. Zitazame kofia za vito, zile zinazodariziwa kwa mkono, kwa karibu: sehemu kubwa ya uzuri wake hutokana na vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi na kupangwa kwa safu, na jambo hilo lawezekana kwenye karatasi. Chora umbo kwa penseli upande wa nyuma wa manila, ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa mara nne, utoboe kwa sindano ya kushonea ukiacha milimita mbili hivi kati ya tundu na tundu. Ukiyakaribianisha zaidi, karatasi itachanika kwenye mstari. Ukitoboa kutoka nyuma, mbele patatokea vinundu vinavyohisika kwa kidole, na kadi ikielekezwa dirishani mchoro mzima huwaka. Nyota ya Krismasi iliyotobolewa hivyo haihitaji glita. Lipo pia pindo la leso, zipo nakshi za milango, upo mkeka wa ukindu uliotiwa rangi, ambao ukikata karatasi kwa vipande vyembamba utaweza kuusuka juu ya kadi. Anza na kimoja.

Msomaji wa Shela: *Ninapamba kadi za wageni kwa simbi na vipande vya gamba la kasa. Gundi hazishiki. Nifanye nini?*

Gamba la kasa liondoe leo, kabla ya habari za gundi. Kasa analindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na biashara ya kimataifa ya gamba lake imepigwa marufuku na CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe walio hatarini kutoweka, kwa hiyo kadi yako inaweza kumfikisha mgeni wako pabaya uwanja wa ndege naye hajui kosa lake. Simbi nazo haziokotwi katika hifadhi za bahari, kama ile ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979, na hata palipo nje ya hifadhi makombe matupu yana wapangaji, kwa maana wako kaa ambao hawana nyumba nyingine. Ukitaka kitu cha pwani, okota ndara kuukuu zilizotupwa na maji, uzioshe, uzikate kwa wembe mkali vipande vyembamba. Hushika kwa gundi ya kawaida, huja kwa rangi zote, na ufuo utakushukuru.

Msomaji wa Faza: *Je, yafaa kuandika aya ya Qur'ani juu ya kadi ya Idi?*

Hukumu yake waulize masheikh. Mimi nitakujibu upande wa karatasi tu. Kadi husomwa, huwekwa rafuni, hupita mikononi mwa watoto, kisha siku moja hufagiwa. Jiulize aya yako itakuwa wapi siku hiyo. Salamu ya Idi yatosha kabisa.

Ila kwa kuwa uko Faza, una hazina karibu yako. Siyu, katika kisiwa hicho hicho cha Pate, waliandika nakala za Qur'ani kwa mkono katika karne ya 18 na ya 19, wakazipamba kwa weusi, wekundu na umanjano. Azima rangi hizo na namna ya kuzungushia pambo pembezoni, uyaache maandiko mahali pake. Angalia pia kwamba waandishi wale walijitosheleza kwa rangi chache. Leo mtu hununua kisanduku cha rangi 24 na kujiona amefuja mali asipozitumia zote kwenye kadi moja.

Msomaji wa Mokowe: *Watu hubandika noti za pesa ndani ya kadi za harusi. Nitumie nini zisidondoke?*

Usizibandike. Kuharibu noti ni kosa kisheria, na gundi, pini na stepla huiharibu. Kata mfuko mdogo wa karatasi ndani ya kadi, noti iingie na kutoka ikiwa nzima.

Msomaji wa Hindi: *Niuze kadi moja kwa shilingi ngapi, na ile mifuko angavu ya kuzifungia inapatikana wapi?*

Mifuko ya plastiki, pamoja na ile bapa ya kufungia bidhaa, ilipigwa marufuku nchini Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na atakayekuuzia kwa kificho atakuuzia na kesi yake. Zungusha ukanda wa karatasi. Kuhusu bei, hesabu manila, bahasha na saa zako, halafu uone kama mnunuzi atakubali hizo saa. Wengi hawakubali. Ushauri ambao hukuuombea ni huu: mtu akikuletea oda ya kadi mia mbili za harusi, fikiri kwanza kabla ya kupokea malipo ya awali, kwa sababu ukifika kadi ya hamsini huichukii kadi tu, bali unamchukia na bibi harusi.

Msomaji mwingine wa Mkomani: *Shikamoo. Nataka kumpelekea mavyaa wangu kadi ya Idi. Nimefikiria kunakili ndani yake jina la leso, yale maneno yanayoandikwa kwenye leso. Au naomba uniandikie maneno mazuri.*

Marahaba, mwanangu. Majina mengi ya leso yana ncha. Ukimwandikia mavyaa "Hasidi hana sababu", atakaa hadi Idi ya pili akitafuta hasidi ni nani, na jibu atakalolipata halitakufurahisha. Hata methali ya heri, ikitoka kwenye leso, huenda ikasomwa kwa jicho la leso.

Maneno sitakuandikia. Ninayajua yatakavyokuwa: yatamfaa mavyaa yeyote, kwa hiyo hayatakuwa ya wako. Hao wanaoniomba maneno ndio hao hao wanaotumia siku tatu kwa utepe, na ndani wanaacha "Idi Mubarak" na jina lao. Kaa chini ukumbuke alilokutendea mwaka huu. Kama alikupikia uji ulipokuwa kwenye arobaini, liandike hilo, na uji ulikuwa wa nini. Mistari mitatu inatosha, kwa mwandiko wako mwenyewe hata kama si mzuri.

Andika kwa kalamu ya kawaida, kwa sababu wino wa kalamu nene ya maka hupenya karatasi nyembamba na rangi zake nyingi hupauka zikikaa penye mwanga. Usiandike juu ya manila moja kwa moja. Chukua karatasi ya gramu 80, ikate iwe ndogo kuliko kadi kwa milimita tatu kila upande, ikunje kwa kufuata nyuzi kama nilivyoeleza juu, uandike, uache wino ukauke, kisha uibandike kwa mstari mmoja tu mwembamba wa gundi kandokando ya mgongo. Ukikosea neno, utabadilisha karatasi ya ndani bila kuipoteza kadi.