Jibu: Vyanzo vikali vya eksirei kwenye galaksi kongwe

Umeuliza ni nini kinachong'aa sana kwa eksirei kwenye galaksi ya duaradufu (yenye umbo la yai) isiyozaa tena nyota kubwa. Kwa kawaida ni jozi: shimo jeusi linalofyonza gesi ya nyota ndogo jirani. Shimo lenye uzito wa Jua mara 10 hufika kikomo cha Eddington (mwangaza ambao ukizidi, msukumo wa mwanga huizuia gesi kuanguka ndani) kwenye wati 10³² hivi, kwa hiyo usikimbilie kudai ni mashimo ya uzito wa kati, yaani makubwa kuliko yanayotokana na nyota.

Kinachozidi wati 2×10³² huenda ni kwasari (kiini king'avu cha galaksi nyingine) iliyo mbali nyuma. Pima spektra yake (mwanga uliotawanywa kwa rangi) kwanza. Kisha angalia kama kimo ndani ya kundi tufe (nyota kongwe nyingi zilizosongamana kama mpira) la galaksi hiyo. Mfano mzuri sana ni chanzo kilichoripotiwa mwaka 2007 ndani ya kundi tufe RZ 2109, kwenye galaksi NGC 4472: wati 4×10³², mwangaza ukibadilika ndani ya saa chache. Vyanzo vingi vilivyojumlishwa haviwezi kufifia pamoja namna hiyo, kwa hiyo ni kimoja tu, na kung'aa hivyo kunaashiria shimo jeusi.